Vazi la kilti, dansi ya shule na adabu ya kuomba ruhusa

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyetujaalia mavazi ya kutusitiri na kutupamba. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tunapenda tuzungumzie jambo ambalo kwa kulitazama juujuu linaweza kudhaniwa kuwa ni la watu wa mbali na wala halituhusu. Nalo ni suala la mwanafunzi wa kiume anayeomba ruhusa kwa uongozi wa shule yake ili avae kilti, vazi la wanaume wa Uskoti, katika dansi rasmi ya shule.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wapo ndugu zetu wengi kutoka mwambao na visiwani ambao leo wanaishi na kulea watoto huko Uingereza na Marekani. Watoto hao wanasoma na wenzao, wanaona wenzao wanavaa nini, na siku moja humjia mzazi na swali ambalo babu zake hawakupata kuulizwa. Sababu ya pili ni kwamba kuomba ruhusa ya kuvaa vazi shuleni ni jambo tunalolijua vyema hapa kwetu. Kila mzazi aliyepata kusimama mbele ya meza ya mkuu wa shule kumwombea binti yake avae hijabu anaujua uzito wake. Kwa hiyo yanayomkuta kijana wa kilti ni somo kwetu pia.

Kilti ni vazi gani?

Kilti ni kitambaa kizito cha sufu, chenye mirabaraba ya rangi mbalimbali iitwayo tartani, kinachozungushwa kiunoni na kufungwa kwa mikanda. Nyuma kina marinda, mbele kimelala bapa, na urefu wake hukomea magotini. Juu yake mtu huvaa shati na koti, mbele huning'inia kimkoba cha ngozi, na miguuni huvaliwa soksi ndefu. Waskoti huvaa hivyo katika harusi, sherehe za taifa lao na shughuli nyingine za heshima. Wengi hawana kilti zao wenyewe, bali hukodi dukani kwa siku ya shughuli.

Vazi hili lina historia ya machungu. Mwaka 1746, baada ya watu wa milimani Uskoti walioasi kushindwa katika vita vya Culloden, serikali ya Uingereza ilitunga sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi hayo ya milimani, isipokuwa waliokuwa askari katika jeshi la mfalme. Aliyepatikana na kosa kwa mara ya kwanza alifungwa miezi 6, na aliyerudia alihukumiwa kupelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Sheria hiyo ilikuja kufutwa mwaka 1782. Hivyo watu hao waliishi miaka 36 wakiwa wamekatazwa na dola kuvaa nguo ya baba zao. Ajuaye hayo hatashangaa kwa nini kijana aliye mbali na Uskoti, ambaye huenda babu zake walihama karne nyingi zilizopita, anatamani kulivaa vazi hilo siku yake ya heshima.

Mnamo mwaka 2005, katika jimbo la Missouri huko Marekani, kijana mmoja wa sekondari mwenye asili ya Kiskoti alinunua kilti ili aivae katika dansi ya shule yake. Kabla ya siku hiyo alimwonyesha makamu wa mkuu wa shule, naye akalipokea jambo lile kwa mzaha. Kijana akaelewa kuwa amekubaliwa. Siku ilipofika, mkuu wa shule alipomwona alimtaka akabadilishe na kuvaa suruali. Habari zikaenea, na watu zaidi ya 1,600 wakatia saini waraka wa kudai kijana yule aombwe radhi. Tutarudi kwenye kisa hiki baada ya muda mfupi, kwani kina mafunzo.

Je, Mwislamu anaruhusiwa kuvaa kilti?

Tuanze na vazi lenyewe kabla ya kuizungumzia dansi. Kanuni wanayoitaja wanachuoni wa fiqhi ni kwamba asili ya mavazi ni halali mpaka upatikane ushahidi wa kuyakataza. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 26, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawakumbusha wanadamu neema ya mavazi kwa mambo mawili, sitara na pambo, kisha anaitaja nguo iliyo bora kuliko zote, nayo ni ya uchamungu. Uislamu haukumpa mwanamume mshono mmoja wa nguo na kusema huu tu ndio wenu. Mtume (S.A.W.) alivaa shuka ya kiunoni iliyokuwa vazi la Waarabu, alivaa nguo za Yemen, na imepokewa kutoka kwa Mughira bin Shu'ba (R.A.) katika Bukhari na Muslim kuwa safarini alivaa juba la Kishami lenye mikono ya kubana, wakati ambapo Sham ilikuwa chini ya Warumi. Hakuliacha juba hilo kwa sababu tu limeshonwa na wasiokuwa Waislamu.

Wapo watakaosema kwamba kilti ni sketi, na kwamba mwanamume haruhusiwi kujifananisha na wanawake. Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume, na hadithi hiyo ameipokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.). Lakini vazi lipi ni la mwanamume na lipi ni la mwanamke, hilo huamuliwa na ada ya watu wa mahali husika. Sisi watu wa pwani tunapaswa kuwa wa mwisho kulisahau hili. Wazee wetu wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja wamevaa vikoi na misuli maisha yao yote. Waomani wana wizari zao, Wayemeni wana futa zao, na Waislamu wa Indonesia wanaswali Ijumaa na saruni zao kiunoni. Mgeni wa bara la mbali akimwona mzee wa Kiswahili na kikoi chake barazani anaweza naye kusema kuwa mzee huyo amevaa sketi. Hatutakubali kauli hiyo juu ya mzee wetu, basi tusiitoe juu ya Mskoti. Kilti ni vazi la wanaume, na huko kwao hakuna asiyelijua hilo.

Wengine watataja hadithi iliyopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Ibn Umar (R.A.), inayoonya kuwa mwenye kujifananisha na watu huhesabiwa miongoni mwao. Wanachuoni wameieleza kuwa makusudio yake ni kuiga yale yaliyo alama ya dini nyingine au alama ya watu waovu. Kilti si alama ya kanisa wala ya ulevi. Ni vazi la watu wa nchi, na katika watu wa nchi hiyo leo wamo Waislamu. Mwaka 2012 ulizinduliwa mtindo wa tartani ya Kiislamu, wenye rangi ya buluu ya bendera ya Uskoti na kijani cha Uislamu, pamoja na mistari mitano myeupe kwa ajili ya nguzo tano. Mwaka 2016 Humza Yousaf, aliyekuja kuwa Waziri Kiongozi wa Uskoti kuanzia mwaka 2023 hadi 2024, aliapa katika Bunge la huko kwa lugha ya Kiurdu hali amevaa kilti pamoja na koti la asili ya wazee wake. Hatuyataji haya kama dalili ya kisheria, kwani dalili ni Qur'ani na Sunna. Tunayataja ili msomaji ajue kuwa suala hili si la kubuni.

Lililobaki katika vazi ni sitara, na hapa ndipo mzazi anapotakiwa kuwa makini. Kwa rai ya wanachuoni walio wengi, uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika Afrika Mashariki, goti lenyewe si uchi, lakini huwezi kuhakikisha paja limesitirika usipofunika na sehemu ya goti. Kwa wenzetu wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, ambao ni wengi huko Glasgow kwa kuwa asili yao ni Pakistan, goti nalo ni uchi. Kilti hukomea magotini mtu akiwa amesimama. Je, akiketi? Je, akipanda ngazi, au upepo ukivuma? Tena ipo desturi mashuhuri ya baadhi ya Waskoti kutovaa kitu chochote ndani yake. Kijana wa Kiislamu hana nafasi ya desturi hiyo. Akitaka kuvaa kilti, na aivae ikiwa ndefu kidogo kuliko kawaida, na ndani yake avae kaptula inayovuka magoti au suruali nyepesi ya rangi ya soksi zake. Akifanya hivyo amejisitiri, na hatuoni la kumkataza katika vazi hilo.

Dansi ndiyo penye mtihani

Ndugu wasomaji, wazazi wengi hukosea hapa. Hushughulishwa na nguo mpaka wakasahau mahali nguo hiyo inapokwenda kuvaliwa. Baba anaweza kukesha akiuliza kama marinda yanafaa na kama ngozi ya kimkoba ni ya mnyama halali, kisha asiulize hata mara moja mwanawe anakwenda kufanya nini na nani usiku ule.

Dansi rasmi ya shule, kama inavyofahamika Marekani na Uingereza, ni usiku wa wavulana na wasichana waliokwishabaleghe kuvaa mavazi ya fahari, aghalabu wakaenda wawili wawili, wakacheza muziki huku wameshikana. Huko Uskoti zipo ngoma za asili ambazo wanafunzi hufundishwa shuleni, nazo pia huchezwa kwa kushikana mikono, mvulana na msichana, kwa kubadilishana. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, kama ilivyo katika Bukhari, kuwa mkono wa Mtume (S.A.W.) haukupata kuugusa mkono wa mwanamke asiyekuwa halali yake hata pale alipokuwa akipokea kiapo cha utii kutoka kwa wanawake. Ikiwa hivyo ndivyo alivyofanya yule aliyehifadhiwa na Mola wake, katika shughuli tukufu kama ile, vipi kijana wa miaka kumi na saba usiku wa muziki? Na katika Surat An-Nur, aya ya 30, amri ya kuinamisha macho imeanza kwa wanaume kabla haijawafikia wanawake katika aya inayofuata. Wazazi wengi humchunga binti na kumwachia kijana wa kiume, kana kwamba aya ya 30 haimo katika msahafu.

Wala haina maana kuwa Uislamu unachukia furaha. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.), mchezo wa asili yao, naye akawaacha wacheze na Bibi Aisha (R.A.) akawatazama. Watu wale hawakuambiwa kuwa mchezo wa kwao ni upuuzi. Walipewa mahali pake na siku yake. Basi kijana anayeipenda nchi anayoishi na mavazi yake apatiwe mahali pa heshima pa kuonyesha mapenzi hayo. Shule hizohizo zina siku za kutoa vyeti na zawadi, zina karamu za chakula, zina picha za pamoja za wahitimu. Anaweza kuhudhuria hayo akiwa na kilti yake, akale chakula kilicho halali, akapiga picha na wenzake, na muziki ukianza awe amekwishaaga. Tena anaweza kuivaa siku ya Idi na katika harusi za ndugu zake, na hapo hahitaji ruhusa ya mkuu wa shule.

Vilevile tusisahau vazi la kwetu. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Shule inayokubali vazi la asili ya Mskoti kuwa vazi rasmi haina hoja ya kulikataa vazi la asili ya Mswahili. Kanzu nyeupe, koti na kofia ya kushonwa kwa mkono ni vazi rasmi ambalo kwetu hufunga ndoa kadhi akiwa amelivaa na hupokewa wageni wa heshima bwana wa nyumba akiwa amelivaa. Kijana wa Kiislamu anayesoma ugenini anaweza kupita katika mlango huohuo uliofunguliwa na mwenye kilti, akaomba kuvaa kanzu. Huenda wenzake wakamuuliza maswali, na katika kuyajibu akawa mlinganiaji.

Namna ya kuomba ruhusa

Kuomba ruhusa ni adabu ya Kiislamu inayoanzia ndani ya nyumba. Surat An-Nur, aya ya 58, inawafunza hata watoto wasiobaleghe kuomba ruhusa ya kuingia kwa wazazi katika nyakati tatu za faragha. Aliyezoea kubisha mlango wa chumba cha mama yake hatapata tabu kubisha mlango wa ofisi ya mkuu wa shule. Zaidi ya hayo, mzazi anapoandikisha mtoto shuleni hukubali kanuni za shule ile, na Surat Al-Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza ahadi. Kwa hiyo haifai kijana kuvunja kanuni kimyakimya kisha akasema nimedhulumiwa.

Sasa tukirejee kisa cha Missouri. Kijana yule hakwenda bila kusema. Alionyesha vazi lake kabla ya siku. Lakini kauli aliyopewa ilikuwa ya mzaha, na mzaha haukumfaa kitu pale mlangoni. Funzo la kwanza ni kwamba ruhusa na iwe ya maandishi. Barua fupi yenye heshima, inayoeleza vazi ni lipi, linavaliwa kwa sababu gani, katika shughuli gani, ikiambatanishwa na picha, na itiwe saini na mzazi. Funzo la pili ni kwamba barua iende kwa mwenye mamlaka ya mwisho, si kwa yule aliye mpole zaidi. Funzo la tatu ni wakati. Barua ipelekwe wiki kadhaa kabla, ili jibu likiwa hapana pawepo nafasi ya mazungumzo, na nguo isiwe imekwishalipiwa.

Liko na jambo dogo ambalo limewaingiza baadhi ya vijana matatani. Vazi kamili la Kiskoti huwa na kisu kidogo kinachochomekwa ndani ya soksi. Sheria za huko zinazokataza kubeba visu hadharani zinatambua udhuru wa vazi la taifa, lakini shule inayo haki ya kukikataa getini. Mzazi asingoje kuambiwa. Aandike katika barua yake kwamba kisu hakitakuwemo, na vazi halipungukiwi na lolote kwa kukosekana kwake.

Namna ya kujibu

Ikiwa kuomba kuna adabu, na kujibu nako kuna adabu. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Umama (R.A.) kisa cha kijana aliyemjia Mtume (S.A.W.) akaomba aruhusiwe kufanya zinaa. Watu waliokuwapo wakamkemea. Mtume (S.A.W.) yeye akamwita karibu, akamketisha, akamuuliza kama angependa jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi yake na kwa mama yake mdogo. Kila mara kijana akajibu kuwa hapendi, na kila mara akaelezwa kuwa na watu wengine hawalipendi kwa jamaa zao. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua, na kijana yule hakulielekea tena jambo lile.

Tuzingatie. Lile lilikuwa ombi la jambo la haramu isiyo na shaka, nalo likajibiwa kwa ukaribu, kwa maswali na kwa dua. Mtoto wetu anayeomba avae kilti au ahudhurie karamu ya wahitimu hajaomba robo ya lile, lakini ni wangapi kati yetu humjibu kwa kumfokea? Mtoto anayefokewa hujifunza jambo moja tu, nalo ni kutouliza. Mwaka unaofuata hataomba ruhusa. Atasema anakwenda kujisomea kwa rafiki yake, na suti itakuwa imefichwa kwa rafiki huyohuyo. Hapo mzazi atakuwa amepoteza kikubwa kuliko usiku mmoja wa dansi, kwa sababu amepoteza ulimi wa mwanawe. Kijana aliyekuja kuuliza bado yu mikononi mwetu. Tumketishe, tumsikilize, tumkubalie lile tunaloweza kulikubali, na tunalolikataa tumweleze sababu yake kwa dalili anayoweza kuifahamu na kumjibu nayo mwenzake shuleni.

Haki ni moja

Tumalizie kwa jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote. Waislamu tumekuwa wadai wakubwa wa haki ya kuvaa. Ufaransa ilipitisha sheria tarehe 15 Machi 2004 ya kukataza alama za dini za wazi katika shule za serikali, na mabinti zetu wakavuliwa hijabu milangoni. Mwaka 2023 nchi hiyo ikalikataza shuleni hata abaya. Huko Luton, Uingereza, binti mmoja alikatazwa mwaka 2002 kuingia shuleni kwa vazi la jilbabu, shule ikisema imekwisharuhusu hijabu na shalwar kamizi. Akakosa masomo kwa karibu miaka miwili, na mwaka 2006 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikaipa shule ushindi. Kwa jirani zetu wa Kenya, Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2016, katika shauri lililotokea Isiolo, kuwa wanafunzi wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa hoja ya utaratibu wa mashtaka, bila ya kulimaliza suala lenyewe la haki.

Katika mashauri yote hayo hoja yetu imekuwa hii: mtoto asilazimishwe kuchagua baina ya elimu na utambulisho wake, maadamu vazi lake ni la heshima na halimdhuru mwenzake. Hoja hiyo ni nzuri, na uzuri wake ni kwamba haina mwenyewe. Kijana wa kilti wa Missouri, asiyekuwa Mwislamu, amesimama juu ya hoja hiyohiyo. Tofauti ipo, na hatuifichi. Hijabu kwa binti aliyebaleghe ni amri ya Mola wake, na kilti ni ada ya watu inayoweza kuachwa bila dhambi. Kwa sababu hiyo mwenye hijabu ana nguvu zaidi ya kudai. Lakini mwenye hoja nzito hamcheki mwenye hoja nyepesi iliyo ya haki. Surat Al-Maida, aya ya 8, inatuonya kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kwenye kuacha uadilifu. Ikiwa tumeamrishwa uadilifu kwa wale tunaowachukia, itakuwaje kwa kijana ambaye hatuna ugomvi naye wowote?

Kwa hiyo shule za Kiislamu, ambazo kwa sasa ni nyingi katika nchi zetu, zianze kujipima zenyewe. Siku mzazi asiyekuwa Mwislamu atakapoomba mwanawe avae vazi la kabila lake katika mahafali, vazi la heshima lenye kusitiri, tutampa jibu gani? Jibu tutakalompa siku hiyo ndilo litakaloonyesha kama tulikuwa tukitetea haki au tulikuwa tukijitetea wenyewe. Surat Al-Hujurat, aya ya 13, imetaja kuwa Mwenyezi Mungu ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane, na vazi ni katika mambo ya mwanzo ambayo watu hujuana kwayo.

Kwa muhtasari, tunasema hivi. Kilti yenye kusitiri ni halali kwa kijana wa Kiislamu, na dansi ya mchanganyiko si mahali pake hata akiwa amevaa kanzu. Ruhusa iombwe mapema, kwa maandishi na kwa mwenye mamlaka. Mzazi amjibu mwanawe kama Mtume (S.A.W.) alivyomjibu yule kijana. Na tuwatakie watoto wa wenzetu lile tunalolitaka kwa watoto wetu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awahifadhi vijana wetu walio nyumbani na walio ugenini, awavishe nguo ya uchamungu juu ya kila nguo wanayoivaa, awape wazazi hekima na subira, na atujaalie kuwa waadilifu kwa tunaowapenda na tusiowapenda. Amin.

Wabillahi tawfiq.